Hatua Tatu Kutoka Kwenye Kigingi

Miaka kumi na tisa nimefanya kazi na mwanamke huyu katika hifadhi yetu ya kando ya mto, na kwa muda mrefu sikuwahi kumwona akinywa chai amekaa. Kikombe mkono mmoja, mkono wa pili unapanga kalamu za mezani kwangu ambazo hazikuhitaji kupangwa, miguu imeshaelekea mlangoni. "Karani, maji yameshuka vidole viwili tangu jana," atasema, na kabla sijapata la kujibu yuko nje, kikombe amekiacha dirishani, chai imefika nusu. Wafanyakazi wenzake walimwita Bi Vigingi. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye faili, na acha likae humo.

Alizaliwa ng'ambo ya mto, wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake wa kiume, ambaye hadi leo ni fundi wa kuezeka mapaa. Alikuja hifadhini akiwa na miaka ishirini na miwili, akaajiriwa kufua sare za askari wa wanyamapori. Jiwe la kufulia lilitazamana na fungu la mchanga lililo katikati ya mto. Mwaka ule ule alimwendea mkuu wa hifadhi wa wakati huo, mikono ina povu, akamwambia kuwa viota vya fungu ni hamsini na nane, si arobaini kama ilivyoandikwa ubaoni. Mkuu alicheka, kisha akachukua mtumbwi akaenda kuhesabu. Vilikuwa hamsini na nane. Sare alizokuwa ameloweka siku hiyo zilibaki kwenye beseni mpaka zikanuka, kwa sababu hakurudi tena kufua.

Hifadhi yenyewe si kubwa. Ukianza asubuhi juu kwenye ukingo mrefu, ambako ndege aina ya keremkerem wamechimba matundu yao kwenye udongo mwekundu, mchana utakuwa umefika mwisho wake. Katikati utapita msitu wa mikuyu wenye mbega, halafu mto wa zamani, yaani mkondo ambao mto uliuacha miaka mingi iliyopita, sasa ni bwawa la mafunjo lenye fisi maji wanaopiga miluzi. Kisha matete, ekari kwa ekari, marefu kuliko mtu aliyepanda mabegani mwa mwenzake. Mbele ya matete, ng'ambo ya kijito chembamba cha kufika magotini, ndilo fungu la mchanga. Huonekana miezi minne tu kwa mwaka, maji yanapopungua.

Bi Vigingi alihesabu kote huko, lakini fungu ndilo lililomkosesha raha. Hapo hutaga ndege ambao mdomo wao wa chini umeupita wa juu, hukata maji kwa mdomo huo wakitafuta samaki. Sisi tunawaita mikasi. Hawajengi kiota. Jike hulala mchangani, anazungusha kifua chake mpaka pabonyee kidogo, basi, ameshajenga. Mayai yana rangi ya mchanga wenyewe, yana madoa kama kokoto. Unaweza kusimama juu ya kiota ukiuliza kiota kiko wapi. Na mvua ikiwahi kunyesha kule mto unakotoka, maji huja usiku mmoja na yote yameisha. Kwa hiyo miezi ile minne Bi Vigingi roho yake ilikuwa juu juu. Alizunguka kama pia. Akiwa ofisini alitaka kuwa mtoni, akiwa mtoni alikumbuka kitu alichosahau ofisini.

Zamani viota alikuwa akiviwekea kumbukumbu kwa kuchora. Anasimama mahali, analinganisha mkuyu fulani na kisiki fulani, anachora mstari, na mistari miwili inapokutana ndipo kiota kilipo. Mchoro ule aliusoma yeye peke yake. Miaka minne iliyopita kamati ya hifadhi ikasema inataka kitu ambacho mtu yeyote akija anakiona. Ndipo akabuni vigingi: vipande vya mianzi vilivyopasuliwa, urefu wa goti, ncha imepakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba nyekundu. Kila kigingi kilisimama hatua tatu kutoka kwenye kiota, na siku zote upande wa juu, mto unakotoka, ili anayeingia ajue asikanyage wapi. Hatua zilikuwa zake mwenyewe, na hazikupishana hata upana wa kiganja. Nilizipima mara moja kwa futi, kwa udadisi tu, nikaacha.

Kamati ilifurahi. Wakampa cheti chenye saini tatu. Kilitundikwa juu ya meza yangu kwa sababu ukuta wa ofisi ya mkuu una unyevu.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri. Msimu wa pili mayai yakaanza kupotea. Hapakuwa na ganda wala ute, wala dalili ya kenge au nguchiro. Yai lilikuwepo leo, kesho halipo. Pembeni mwa fungu, kwenye tope lililoanza kukauka, palikuwa na nyayo za mtu asiyevaa viatu.

Sasa, kwenye matete, nyumba kumi zilikuwa na kibali cha kukata kwa ajili ya mikeka na dari, mchana tu, kila nyumba na kipande chake. Kipande kilichopakana na fungu kilikuwa cha wifi yake, mke wa yule mdogo wake.

Nilikuwepo siku ya taarifa ya mayai hayo, maana mimi ndiye niliyeiandika. Mkuu wa sasa alikaa, mimi nilikaa, Bi Vigingi alisimama.

"Nani anapita karibu na pale?" mkuu aliuliza.

"Mke wa mdogo wangu."

"Una hakika?"

"Nyayo ni za mtu, na anayepita pale ni yeye. Au nisimtaje kwa kuwa ni wifi yangu?"

Mkuu akatikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Karani, andika."

Niliandika. Akatia saini amesimama. Wifi yake akasimamishwa kukata matete misimu mitatu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu hapo. Kama kipande kile kingekuwa cha mtu baki, nina hakika Bi Vigingi angeomba wiki nzima ya kuchunguza. Alimtaja haraka kwa sababu ni ndugu. Aliogopa kusemwa kuwa analinda wa kwake.

Wifi mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, sauti yake ilivuka kijito bila kupiga hodi. Zamani, akimwona Bi Vigingi amechuchumaa kwenye fungu, angempigia kelele kutoka kwenye matete: "Wifi! Hao ndege wamekulipia mahari? Maana nyumbani hatukuoni!" Na Bi Vigingi, ambaye hakucheka ovyo, alicheka. Baada ya taarifa yakaisha. Watoto wa mtaani kwao wakampa yule mama jina, Kenge, kwa kuwa kenge ndiye mla mayai. Mumewe alikuja ofisini mara moja tu, akasimama mlangoni na vumbi la kazi kwenye nyusi. "Dada, hukuweza kuniuliza hata mimi?" Dada yake akajibu, "Kazi ni kazi." Yule bwana alitazama sakafu kidogo, akaondoka. Tangu siku hiyo hawakula pamoja.

Misimu miwili iliyofuata mayai yaliendelea kupotea, na zaidi. Mtu mwingine angejiuliza: huyo si tumeshamfukuza? Sisi hatukujiuliza. "Anakuja kwa siri," tulisema. Yai likipotea, jina lilikuwa tayari.

Mwaka huu maji yalichelewa kushuka, na rangi nyeupe ikamwishia alipofika kigingi cha thelathini na moja. Alikuwa ameweka vigingi nusu ya juu ya fungu; nusu ya chini ikabaki hivyo hivyo. Niliagiza rangi mjini. Ikachelewa.

"Rangi?" alinisalimia kila asubuhi.

"Bado."

"Karani wewe, ungekuwa mkunga watoto wangezaliwa na meno."

Siku ya tisa aliingia bila kuuliza rangi. Akavuta kiti cha wageni, akakaa. Nilimwangalia miguu yake chini ya meza, nikaona imetulia, nikapata hofu. Nilidhani kafiwa.

"Nusu ya juu," alisema, "viota thelathini na moja. Vyenye mayai vimebaki vinne."

"Pole. Na chini?"

"Chini sijaweka hata kigingi kimoja. Hakijapotea kitu."

"Labda mwizi hajafika huko."

"Ni fungu hilo hilo, Karani. Kutoka kwenye matete, nusu ya chini ndiyo iliyo karibu. Mwizi gani anaipita nyumba isiyo na mlango anaenda kuhangaika na iliyo mbali?" Akainuka. "Kesho alfajiri twende. Chukua daftari. Na usivae hilo shati jeupe."

Tulijificha kwenye kipande cha wifi yake. Misimu mitatu bila kukatwa, matete yalikuwa yameshonana, ya kale yamekufa yamesimama, mapya yanatafuta pa kupenya. Tuliingia kwa kusukumana kama wezi wa kweli. Jua lilipotoka, mikasi walikuwa wametapakaa mchangani, vifua chini. Mbu walitufaidi. Bi Vigingi aliyavunjavunja majani makavu kwa vidole mpaka nikamshika mkono.

Kunguru alikuja kutoka upande wa mikuyu, mmoja, bila haraka. Akatua juu ya kigingi namba kumi na mbili. Mikasi wakaruka wakimpigia kelele na kumshukia kichwani. Yeye akainamisha shingo tu, kama mtu anayepita kwenye manyunyu. Akashuka chini ya kigingi. Akageukia upande wa chini wa mto, akatembea moja kwa moja, akasimama, akainamisha mdomo, akaruka na yai zima kuelekea mikuyuni.

Muda si mrefu akarudi. Akatua juu ya kumi na tatu. Kiota cha kumi na tatu kilikuwa kitupu tangu juzi, lakini alitembea umbali ule ule, akatazama, akarudi, akaenda kumi na nne. Alikwenda kwa mpangilio, kigingi kwa kigingi, kama mkaguzi aliyepewa orodha.

"Hatua tatu," Bi Vigingi alinong'ona. "Anakwenda hatua zangu tatu."

Niliandika saa. Sikujua niandike nini kingine. Kisha nikauliza, na hadi leo sijui kama nilifanya vizuri kuuliza wakati ule: "Na zile nyayo?"

Alikuwa akitazama chini, na mimi nikatazama alipotazama. Alikuwa peku. Viatu vyake vizito vilikuwa vimeachwa kwenye mtumbwi, kama ilivyokuwa desturi yake, kwa sababu kwa viatu mchanga unatitia na hatua haiwi sawa.

"Nikipima huwa navua viatu," alisema. "Mchangani upepo unafuta. Kwenye tope la pembeni haufuti. Nimepima kila kitu kwenye fungu hili, Karani. Zile nyayo sikuzipima."

Ilikuwa Jumatatu. Siku ya Ijumaa kamati ilikuwa inakutana, na ajenda ya nne niliipiga chapa mwenyewe: kufuta kabisa kibali cha wifi yake na kumpa mtu mwingine kile kipande cha matete. Barua ya kumwita asikie uamuzi ilikuwa imeshapelekwa.

Siku hiyo hiyo aling'oa vigingi vyote thelathini na moja akavifunga mzigo. "Usiseme neno kwanza," aliniambia. Halafu zikaanza siku mbili ambazo kuwa naye ofisi moja kulikuwa kazi. Alihesabu fisi maji mara mbili asubuhi moja. Aliziba ufa wa mtumbwi ambao haukuvuja. Aliandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaitoa, akaichana. Jumanne mchana alitoka haraka, akarudi baada ya saa moja ana jasho.

"Nimefika hadi mlangoni kwake."

"Ukamwambia?"

"Nilisikia anacheka ndani na mtu. Nikaona nisimkatishe."

"Mwambie mkuu, basi. Ijumaa haitakusubiri umalize kupiga kasia mtaani."

Jumatano aliingia kwa mkuu, akaniomba nije naye. Mkuu wetu si mtu mbaya. Amebakiza miaka miwili astaafu, na anataka ipite bila mawimbi. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Unajua unachoniambia? Hifadhi mbili nyingine zimeiga vigingi vyako. Sasa niiambie kamati kunguru amejua kusoma namba?"

"Hasomi namba. Amejifunza umbali."

"Sawa. Ondoa vigingi kimya kimya. Wifi yako naye msimu ujao tutamrudishia. Tutasema amejirekebisha."

"Amejirekebisha nini?"

Mkuu akaanza kufuta miwani kwa shati.

"Akijirekebisha maana yake alikula," alisema Bi Vigingi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nadhani ili asitembee. "Nipe saa mbili za Ijumaa kabla ya kikao. Ilete kamati kwenye matete, na yeye aje. Nitaweka vigingi mahali pasipo na kiota hata kimoja. Wataona wenyewe."

"Na kunguru asipokuja?"

"Basi, andikeni barua ile ile, mbadilishe jina muweke langu."

Alhamisi jioni aliweka vigingi kumi na viwili kwenye mchanga mtupu wa juu, mbali na vile viota vichache vilivyosalimika. Alipima hatua tatu kila kimoja ingawa hapakuwa na kiota. Mimi nilishika mtumbwi nikimtazama akienda na kurudi. Aliking'oa cha tano akakisogeza kidogo sana, akarudi akakirudisha kilipokuwa.

Ijumaa wajumbe watano wa kamati walifika na viatu vya mjini. Wifi yake alikuja na gauni la kutokea, kilemba kimefungwa vizuri, kama mtu aliyejiandaa kupokea habari mbaya akiwa nadhifu. Alipoambiwa tunaanzia kwenye matete, alitutazama mmoja mmoja.

"Mlinitoa huku," alisema. "Leo mnanirudisha nije nitolewe mara ya pili papo hapo? Haya. Mimi ni mke wa watu, nimezoea kuitwa na kufukuzwa." Mjumbe mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akakohoa. Yule mama aliingia wa kwanza. Sisi wote tulipita alipopita yeye, kwa sababu ni yeye pekee aliyejua ardhi ngumu iko wapi. Akachagua pa kusimama mbali na wifi yake kadiri kichaka kilivyoruhusu.

Tulingoja. Jua lilipanda. Kunguru hakuja. Mjumbe aliyekohoa aliendelea kukohoa, safari hii kwa kweli. Mkuu alitazama saa, akanitazama mimi kana kwamba kunguru ni wa ofisi ya kumbukumbu. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Bi Vigingi alihama mguu huu na ule, akashika tete akaliacha, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, na kila alipojitikisa, matete yalitikisika juu yetu yote.

"Tulia, wewe," sauti nzito ilisema kwa chini. "Unatikisa matete yote. Kunguru gani atakuja hapa na wewe unapepea kama bendera?"

Ndilo neno la kwanza ambalo wifi alimwambia kwa miaka mitatu. Bi Vigingi alikaa chini kwenye matope, na suruali yake safi ya kikao, akakumbatia magoti. Hakujitikisa tena.

Walikuja wawili. Wa kwanza akatua kwenye kigingi cha kwanza, akashuka, akatembea, akasimama pale pale ambapo yai lingekuwa. Hakuna kitu. Akapinda shingo, akatazama mchanga kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Akarudi. Kigingi cha pili, umbali ule ule. Mwenzake akaanza upande wa pili. Kwenye kigingi cha nne mjumbe mmoja alicheka kwa sauti. Kwenye cha saba hakuna aliyecheka. Yule mama alikuwa anahesabu kwa midomo bila kutoa sauti.

"Kwa hiyo huyo ndiye mimi," alisema.

Bi Vigingi akainuka, matope yakimchuruzika. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, najua, nilimwona akiyaandika. Alichosema ni hiki: "Zile nyayo pia. Mimi huvua viatu."

"Unasema nini?" mjumbe aliuliza.

"Navua viatu nikipima. Zile nyayo za kwenye taarifa zilikuwa zangu. Kunguru nimemfundisha mimi, na nyayo ni zangu, na huyu nilimtaja bila kumwona. Sikumwona hata siku moja."

Kwenye kikao kibali kilirudishwa bila mjadala. Mjadala ulikuwa kwenye maneno. Mkuu alinisomea niandike: "Kibali kimerejeshwa baada ya uchunguzi kubaini ndege waharibifu."

"Ongeza nani aliwaonyesha," Bi Vigingi alisema kutoka mlangoni. Hakuwa mjumbe, hakuruhusiwa kukaa, na safari hii hilo halikumsumbua.

"Mama, hii itasomwa na wakubwa."

"Hata ile ya kwanza walisoma."

Mkuu alivaa miwani, akaivua. Mwenyekiti wa kamati akasema andika, tumechoka na mbu. Nikaandika alivyosema, pamoja na viatu. Wakamwandikia pia barua ya onyo, na agizo la kuzijulisha zile hifadhi mbili ziondoe vigingi. Alizisaini zote. Rangi nyeupe iliwasili saa tisa alasiri, madebe mawili, nikayaingiza stoo bila kuyafungua.

Nje, yule mama alikuwa anashuka ngazi na kibali chake mkononi. Bi Vigingi alimfuata.

"Wifi."

"Kamati imesikia," alijibu bila kusimama. "Mimi bado sijasikia."

"Nikusemee wapi?"

"Nenda kaseme wanakoniitia Kenge. Hawakuwepo kwenye kamati wale."

Kesho yake asubuhi nilikuwa gatini, mahali wakata matete wanaposhushia mizigo yao, kwa sababu Jumamosi huwa naandika idadi ya mizigo. Wifi alikuwa ameingia matetani tangu mapema. Alishakata mizigo miwili mikubwa, mikono imejaa michubuko mipya. Wanawake wanane, wanaume watatu, watoto wa kuranda. Bi Vigingi alifika, akasimama mahali pabaya, njiani, watu wakipita na mizigo wakimkwepa. Alianza kusema chini sana, ikabidi aanze upya. Akaeleza vigingi. Akaeleza hatua. Akachanganya msimu wa pili na wa tatu, akarudi nyuma kurekebisha, ingawa hakuna aliyejali msimu.

"Subiri kwanza," mwanamke mmoja alimkatiza akifunga kamba. "Kwa hiyo kunguru alikuwa mfanyakazi wenu?"

Wakacheka, gati nzima.

"Ndiyo," alisema. "Nilimfundisha kazi. Na kosa nikamtwisha huyu."

"Na sisi tukamwita Kenge miaka mitatu!"

"Mlisikia kwangu."

Kicheko kikapungua. Mmoja akasema "Duh", mwingine akamwita mwanawe akamnong'oneza kitu kwa ukali, mtoto akatazama miguu yake. Wifi alikuwa amewapa mgongo muda wote, anafunga fundo la mwisho la mzigo. Alilifunga, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akaweka kata ya kitambaa kichwani, akainama, akaangalia kulia na kushoto kama mtu anayetafuta mkono wa pili. Wenzake wote walikuwa na mizigo yao.

"Umesimama tu?" alisema. "Nitwike."

Bi Vigingi alikwenda. Wakashika kila mtu upande wake, wakainua kwa pamoja, mzigo ukakaa. Yule mama akaupima kwa shingo, akaanza kupanda njia ya mtaani bila asante. Bi Vigingi alibaki gatini, mikono inaning'inia, anatazama mto, anatazama njia, hajui aende upande upi.

Kule juu ya njia sauti ikatokea chini ya matete, bila kichwa kugeuka.

"Na huo mwingine utajileta wenyewe?"

Hakuwa na kata. Aliubeba begani, vibaya, kama mtu ambaye hajabeba matete tangu utoto, na ncha ndefu zikawa zinamkwangua shingoni. Niliandika mizigo miwili, jina moja. Nilipoinua macho walikuwa wanakata kona kwenye mikuyu, mmoja mbele, mmoja nyuma, na mzigo wa nyuma ulikuwa umeshaanza kulala upande.